Nyuma ya Nyayo za Rizal: Manila, Dapitan na Calamba, Desemba 2024

Nimerudi Sharjah wiki ya tatu sasa. Haya nimeyapanga upya kutoka kwenye daftari dogo nililokuwa nalo mkobani, pamoja na picha za simu, kwa sababu ndugu zangu wa Tanga hawaachi kuniuliza: Ufilipino ulifuata nini?

Nilifuata sarafu. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya macho, na mwaka wa sita huu nafanya zamu na Mfilipino ninayemwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha yao. Ndani ya mlango wa kabati lake amebandika sarafu ya peso moja. Siku moja nikamuuliza huyu mwanamume wa kwenye sarafu alikuwa rais wa ngapi. Ate akaacha alichokuwa akifanya. "Si rais. Ni daktari wa macho. Alimpasua mama yake mtoto wa jicho. Halafu Wahispania wakampiga risasi kwa sababu ya vitabu."

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina la José Rizal. Tangu siku hiyo nikawa nasoma, na kila nilichosoma kilinizidishia hamu. Mtu huyu hakuwahi kuongoza jeshi wala kushika cheo chochote cha serikali, na aliuawa akiwa na miaka 35. Lakini Mfilipino yeyote ukimtajia, anakaa sawa kwanza kabla ya kukujibu. Likizo ya Desemba ilipotoka, Ate hakupata ruhusa, mimi nikapata. Akaniambia: "Nenda. Nyumbani kwetu ni Dapitan, alikofungwa. Utalala kwa mama."

Ijumaa 20 na Jumamosi 21 Desemba: Dubai hadi Manila

Tiketi ya kwenda na kurudi ilinigharimu dirham 2,350, bei ya Krismasi. Ndege ilijaa wafanyakazi wanaorudi makwao, na kwenye foleni ya mizigo kila mtu alikuwa na boksi kubwa lililozungushiwa gundi ya karatasi na kamba, jina limeandikwa kwa wino mnene pande zote nne. Jirani yangu wa kiti alikuwa mfanyakazi wa ndani, miaka minne hajaona wanawe. Ndiye aliyenifundisha kutia neno "po" kila ninapozungumza na mkubwa. Ukisahau "po" unaonekana hukulelewa. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto asiyeamkia "shikamoo" husemwa hivyo hivyo, akafurahi sana. Magurudumu yalipogusa ardhi ndege nzima ilipiga makofi, na yeye alikuwa analia.

Kwa wenye pasipoti ya Tanzania kama mimi: niliingia bila viza, nikagongewa siku 30. Ofisa aliomba tiketi ya kurudi na ile fomu ya mtandaoni iitwayo eTravel, ambayo hujazwa ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Jazeni nyumbani kwenye intaneti ya uhakika. Uwanjani niliona watu wametolewa pembeni wakihangaika na simu.

Chumba nilipata Ermita, peso 1,400 kwa usiku, kidogo lakini safi, na kutoka hapo unaweza kutembea kwa miguu hadi bustani ya Luneta.

Jumapili 22 Desemba: ngome ya Santiago

Intramuros ni mji wa kale wa Wahispania, umezungushiwa ukuta wa mawe mfano wa Ngome ya Yesu ya Mombasa, ila mkubwa mara nyingi. Kwenye ncha yake, mtoni, ndipo ilipo ngome ya Santiago. Kiingilio peso 75.

Nilidhani nitakwenda moja kwa moja kwenye makumbusho, lakini macho yalinasa chini. Kwenye mawe ya njia wamepachika nyayo za shaba, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kuanzia alipofungwa mara ya mwisho kuelekea lango la kutokea. Ndizo hatua za Rizal akipelekwa kuuawa asubuhi ya 30 Desemba 1896. Nilivua kiatu nikaweka mguu wangu pembeni ya unyayo mmoja. Mimi navaa namba 38, na tulikaribiana.

Ndani wameweka vitu vyake. Kimoja sikukitarajia: pingili ya uti wa mgongo, iliyogongwa na risasi, imehifadhiwa ndani ya kioo. Katika kazi yangu nimeona mengi, lakini hapo nilisimama muda mrefu. Watoto wa shule waliokuwa wakipiga kelele nje walipofika kwenye kile kioo walinyamaza wenyewe, bila mwalimu kusema neno.

Kesi yake ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi tarehe 26 Desemba, kwa mashtaka ya uasi, uchochezi na kuunda chama haramu, na siku nne baadaye alikuwa maiti. Siku ya mwisho familia iliruhusiwa kumwona. Akampa dada yake Trinidad jiko dogo la spiriti, akamnong'oneza kwa Kiingereza, ili askari wa Kihispania wasielewe, kwamba kuna kitu ndani. Nyumbani wakakuta karatasi iliyokunjwa, shairi la beti 14 la kuiaga nchi yake. Hakulipa jina. Wafilipino leo hulikariri shuleni.

Nendeni asubuhi. Kufikia saa sita mawe yanachoma na foleni ya tiketi imefika barabarani.

Jumatatu 23 Desemba: Quiapo

Jumatatu makumbusho ya historia ya serikali hufungwa, kwa hiyo msipange ziara siku hiyo. Mimi niliitumia kutafuta chakula. Manila nyama ya nguruwe iko hata kwenye mboga za majani, na mpishi anaweza kukuambia "hakuna nguruwe" akimaanisha vipande havionekani. Dawa yake ni Quiapo, mtaa wa Msikiti wa Dhahabu uliojengwa mwaka 1976. Pembezoni mwake wapo Wamaranao, Waislamu kutoka kisiwa cha Mindanao kusini, wanaopika halali. Kwa peso 150 nilipata wali, kuku wa nazi na manjano, na pilipili ya kusaga iliyonikumbusha nyumbani hadi nikaongeza sahani.

Mwenye mgahawa, mzee wa kofia nyeupe, aliposikia nafuata habari za Rizal alivuta kiti akakaa. Aliongea taratibu. Kwao Lanao, alisema, Wahispania hawakuwahi kutawala kama walivyotawala Luzon, kisiwa cha Manila, na shujaa aliyelelewa kwa habari zake ni Sultani Kudarat, aliyepigana nao karne ya 17. "Rizal namheshimu. Alikuwa mkweli. Lakini mtoto wangu akienda shule anamkuta Rizal kila ukurasa, Kudarat anamkuta mstari mmoja." Nikamuuliza kama anajiita Mfilipino. Akatazama nje kidogo. "Pasipoti inasema hivyo. Na nilipokuwa Jeddah miaka kumi na moja, Mkristo wa Cebu ndiye aliyenikopesha nauli nilipofiwa. Basi, ndiyo."

Chai alikataa nisilipe.

Jumanne 24 Desemba: safari iliyochelewa

Manila hadi Dipolog, mji wenye uwanja wa ndege karibu na Dapitan, ni ndege ya saa moja na nusu hivi. Tulipaswa kuruka saa nne asubuhi. Tukaambiwa saa saba, kisha saa tisa, kisha kimya. Mkesha wa Krismasi wote tukawa tumekaa sakafuni. Shirika silitaji, walitugawia chupa ya maji na biskuti. Kilichonisaidia ni mama mmoja aliyefungua kapu lake akaanza kugawa suman, wali wa kunata uliofungwa kwa majani kama ile mikate ya kwetu ya kufungwa majani ya mgomba. Aligawia watu ambao hakuwajua hata mmoja. Aliponifikia akaona mtandio, akaniambia kabla sijauliza: "Wali na tui tu, binti." Kisha akamtuma mwanawe anioneshe chumba cha kusalia.

Tulitua Dipolog usiku. Kaka yake Ate alikuwa amengoja getini tangu saa kumi, na pikipiki yake ya kigari cha pembeni ilikuwa imefungwa taa ya nyota ya karatasi. Kilomita 14 hadi Dapitan, upepo wa bahari, kila nyumba ina nyota kama ile.

Mama yake, ambaye wote tulimwita Nanay, alikuwa mlangoni. Kwao mdogo huchukua mkono wa mzee akaugusisha kwenye paji la uso wake. Nilifanya hivyo na papo hapo ulimi ukatoa "shikamoo". Kaka akauliza nimesema nini, nikaeleza, na Nanay akadai alifundishwe jibu. Usiku huo wajukuu saba walimwamkia shikamoo mmoja mmoja, naye akajibu "marahaba" kila mara kama mtu wa Pangani.

Saa sita usiku familia hula pamoja. Kwa ajili yangu walichoma samaki kwenye jiko la peke yake, na sufuria ilikuwa mpya, nembo bado imebandikwa chini. Niliona, sikusema kitu, ila koo lilikaza.

Niliona na jingine. Nanay alipomimina maji alikosea glasi. Nikamsogeza kwenye mwanga: jicho la kulia lilikuwa na ukungu mweupe katikati. Mtoto wa jicho, tena limekwisha kuwa zito. Akanikamata mkono. "Usimwambie Ate. Atatuma pesa za ada za watoto."

Jumatano 25 Desemba

Mvua siku nzima. Tulilala, tukala, tukalala.

Alhamisi 26 Desemba: Talisay

Hii ndiyo siku niliyoifuata. Julai 1892 Rizal alirudi Manila akaanzisha chama, La Liga Filipina, cha kuwaunganisha watu kwa elimu, biashara na kusaidiana. Siku chache tu baadaye alikamatwa akaletwa huku, mwisho wa dunia kwa macho ya Manila ya wakati ule. Alifika 17 Julai 1892, akakaa miaka minne. Kuna mnara ufukweni mahali aliposhukia, na Talisay, alipoishi, ni umbali mfupi kutoka mjini. Kuingia ni bure. Unaandika jina, ukipenda unatoa mchango.

Nilitegemea gereza. Nilikuta shamba. Nyumba ziko juu ya nguzo, kuta za mianzi, paa za majani ya mnipa ambayo ungeapa ni makuti. Zimejengwa upya kwa mfano wa zile za awali, lakini mabomba ya maji yanayoshuka mlimani yanapita pale pale alipoyapitisha yeye. Alishinda bahati nasibu pamoja na Wahispania wawili, fungu lake peso 6,200, akanunua ardhi hii. Akafungua shule ya wavulana wa kijijini: hawakulipa ada, walilipa kwa kufanya kazi shambani. Akauletea mji maji, akaweka taa za mafuta ya nazi barabarani. Mbele ya kanisa la Mtakatifu Yakobo, akisaidiana na padri Mjesuiti aliyekuwa mwalimu wake, akachora ramani ya Mindanao kwa udongo na nyasi, na ipo hadi leo.

Nyumba moja ina pande nane. Hapo ndipo alipotibia. Nilipanda ngazi nikakaa kwenye ubao wa sakafu, nikafikiria mwanga unaingia upande gani asubuhi na angemkalisha mgonjwa wapi. Ufundi aliupata Paris na Heidelberg, kwa mabingwa wa wakati wake, kisha akautumia hapa kwa wavuvi. Asiyekuwa nacho hakulipa.

Mama yake, Doña Teodora, alimfuata hadi huku. Jicho la kushoto Rizal alikuwa ameshalipasua Hong Kong. Hapa Dapitan alipasua la kulia, vizuri kabisa, na mama akaivua bendeji kabla ya siku zake, jicho likaingia uchafu. Ate aliponisimulia hili kliniki mara ya kwanza tulitazamana, kwa maana wagonjwa wa aina hiyo tunao kila wiki. Mwishowe lilipona.

Lakini kuna kisa kingine ambacho mlinzi wa eneo hili alinisimulia tukiwa tumekaa chini ya mti, nami sijaacha kukifikiria. Usiku ule ule Rizal alipotangaziwa kupelekwa uhamishoni, Andrés Bonifacio na wenzake walianzisha Katipunan, chama cha siri cha kupigania uhuru kwa silaha. Juni 1896 walimtuma Daktari Pío Valenzuela hapa amwombe Rizal ruhusa na ushauri. Ili Wahispania wasishuku, Valenzuela alimleta kipofu, Raymundo Mata, kana kwamba amekuja kutibiwa. Kipofu akakaa kwenye chumba hiki cha pande nane, na nyuma yake watu wawili wanazungumza kuhusu kuiangusha dola.

Rizal akasema hapana, bado. Silaha hamna, watu watachinjwa. Wao wakaanza vita Agosti. Jina lake walikuwa wakilitumia kama neno la siri la kutambuana, picha yake iko kwenye ukumbi wao wa mikutano, na yeye ndiye aliyekamatwa njiani akiwa amejitolea kwenda Cuba kuwa daktari wa jeshi.

Nilimuuliza mlinzi: sasa huyu ni shujaa wa uhuru kivipi, ikiwa alikataa vita? Akajibu kwa kuonesha nyumba. "Bonifacio aliwapa watu bolo. Lakini watu gani? Mtu wa Cebu, mtu wa Ilocos, mtu wa Batangas, walikuwa hawajuani. Rizal ndiye aliyewaambia kwamba ni watu wamoja." Bolo ni panga lao.

Kwa watakaokuja: Dapitan nyumba za wageni ni nafuu kuliko Dipolog, na jua likizama ufukwe wa mjini una samaki wa kuchoma. Chukueni dawa ya mbu.

Ijumaa 27 Desemba

Ndege ya kurudi Manila iliruka kwa wakati. Nanay alinipa chupa sita za dagaa wa mafuta, fahari ya Dipolog, zimefungwa kwenye gazeti.

Jumamosi 28 Desemba: Calamba

Kutoka Manila unakwenda vituo vya mabasi vya Buendia, unapanda la Santa Cruz, Laguna, unashuka Calamba mahali wanapopaita Crossing. Kama peso 120. Hapo unadandia jeepney, daladala yao, hadi mjini kwa peso 13. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji hurudi vile vile. Sikuona hata senti moja ikipotea. Ukitaka kushuka sema "para po".

Kwenye basi niliketi na mwalimu mstaafu, akashika mkono wangu nusu ya safari nzima. Anamfahamu Rizal kwa kumfundisha miaka thelathini. Tangu 1956 sheria inataka maandishi yake yafundishwe shuleni na vyuoni. Maaskofu wengi waliipinga, kwa kuwa riwaya yake ya kwanza, Noli Me Tángere, iliyochapwa Berlin mwaka 1887, inawaanika mapadri watawa wa enzi ile. Jina ni Kilatini, "usiniguse", na madaktari wa zamani waliliita hivyo donda la usoni ambalo ukiligusa linachachamaa. Nikamwambia mwalimu kwamba jina kama hilo angelichagua daktari tu. "Ndiyo," akasema. "Yeye akaligusa."

Nyumba aliyozaliwa 19 Juni 1861, mtoto wa saba kati ya kumi na mmoja, imejengwa upya na sasa ni makumbusho, bure. Chini mawe, juu mbao, madirisha ya gamba la chaza yanayopitisha mwanga kama maziwa. Kutoka hapa mama yake, Rizal akiwa mtoto, alikamatwa kwa kusingiziwa kutaka kumtilia mtu sumu, akatembezwa kwa miguu kiasi cha kilomita 50 hadi gereza la Santa Cruz. Alikaa ndani miaka miwili na nusu. Baadaye shamba kubwa la Wadominiko, watawa wa Kikatoliki, likawafukuza wapangaji wa Calamba, familia yake ikiwemo. Hasira yake ilikuwa na anwani.

Ukutani kuna habari za lugha, na hapo ndipo nilipokaa zaidi. Rizal aliandika kwa Kihispania, lugha ambayo Wafilipino wengi leo hawaijui. Wanamsoma kwa tafsiri. Kuna shairi la Kitagalogi, lugha ya nyumbani kwao, linalosemwa alilitunga akiwa na miaka minane, la kuwakaripia wasiopenda lugha yao, na kila mtoto analijua. Wanahistoria wanalitilia shaka, na sababu yao moja ni neno "kalayaan", uhuru, lililomo ndani yake. Mwaka 1886, akiwa mtu mzima Ujerumani, Rizal alijaribu kutafsiri tamthilia ya Kijerumani kwa Kitagalogi, akamwandikia kaka yake Paciano kwamba alikosa neno la uhuru, hadi alipolikuta kwenye tafsiri ya mwandishi mwenzake, Marcelo del Pilar.

Nilisoma hilo nikarudia. Mtu anayekufa kwa ajili ya uhuru aliwahi kukosa neno lake kwenye lugha ya mama yake. Nikawaza sisi: uhuru wetu nao ulitoka Kiarabu, kwenye "huru", yule asiye mtumwa. Babu yangu alikuwa mtu mzima wakati wa TANU, na alikuwa akilitamka neno lile taratibu, kama mtu anayebeba yai.

Na neno "Filipino" lenyewe halikuwa lao. Liliwahusu Wahispania waliozaliwa visiwani. Wenyeji waliitwa "indio". Mwaka 1879, akiwa na miaka 18, Rizal alishinda tuzo ya ushairi akiwaita vijana wa Ufilipino tumaini la nchi yake, na nchi aliyoikusudia haikuwa Hispania. Sasa naelewa alichosema mlinzi wa Talisay.

Njiani kurudi kila mtu ananunua pai ya madafu. Nunueni iliyotoka jikoni sasa hivi. Ikipoa utamu unapungua nusu.

Jumapili 29 Desemba: Paco

Makaburi ya zamani ya Paco ni duara la ukuta mnene wenye vishimo vya maiti, siku hizi ni bustani. Baada ya kumwua walimzika hapa kwa siri, bila jeneza, bila jina. Dada yake Narcisa alizunguka makaburini hadi akaona udongo mbichi na walinzi, akaacha kibao cha herufi tatu za jina lake zilizogeuzwa: RPJ. Agosti 1898 familia ikaifukua mifupa.

Kaburi leo lina msalaba mweupe. Nilikaa mpaka walipofunga. Paka watatu, maharusi wawili wakipigwa picha, na mimi.

Jumatatu 30 Desemba: Luneta

Niliamka saa kumi. Barabara zinafungwa mapema kwa kuwa rais huja kuweka shada, na usipofika kabla ya mapambazuko utabaki mbali. Mimi nilibaki mbali kiasi, nyuma ya familia iliyotoka Bulacan usiku. Baba alimbeba bintiye mabegani, mama akanigawia uji wa wali wenye tangawizi kwenye kikombe cha plastiki.

Sanamu ni ya shaba, kazi ya Mswisi Richard Kissling, imesimama tangu 1913, na chini yake ndiyo mifupa ilipo. Askari wa majini huilinda usiku na mchana. Nyuma limechomoza jengo refu la makazi. Watu walilipinga hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2017 ililiruhusu. Kila picha niliyopiga limo, na kila niliyezungumza naye lilimuuma.

Saa moja bendera ikapandishwa hadi juu, kisha ikashushwa nusu mlingoti. Saa moja na dakika tatu ndiyo saa yenyewe ya mwaka 1896. Aliomba apigwe risasi akitazama mbele, wakakataa, kwa kuwa haini hupigwa mgongoni. Daktari wa jeshi la Hispania alimshika mkono kupima mapigo ya moyo akayakuta ya kawaida. Hapo mimi kama muuguzi hushindwa kusonga mbele. Nimeshika mikono ya watu wanaosubiri sindano ya ganzi tu, na najua moyo unavyokwenda. Waliofyatua walikuwa askari wa Kifilipino wa jeshi la Hispania, na nyuma yao wamepangwa Wahispania, bunduki tayari kwa atakayesita. Akajizungusha akianguka, uso ukaelekea juu.

Wengi hupiga picha sanamu wakaondoka. Msifanye hivyo. Mahali penyewe alipoangukia ni pembeni, mwendo wa dakika mbili tatu, kwenye sanamu kubwa za shaba zinazoonesha tukio.

Yule baba wa Bulacan yeye humpenda zaidi Bonifacio, mtoto wa maskini wa Tondo, aliyeuawa na wenzake wa mapinduzi Mei 1897. Akaniambia jambo lililonishangaza: hakuna sheria iliyomtangaza Rizal shujaa wa taifa. Aguinaldo, kiongozi wa mapinduzi, alitangaza uhuru mjini Kawit tarehe 12 Juni 1898, na Desemba mwaka huo huo akaamuru 30 Desemba iwe siku ya maombolezo. Lakini Hispania ilikwisha kuiuza nchi kwa Marekani kwa dola milioni 20, vita vingine vikafuata, na Wamarekani nao wakamkuza Rizal, kwa kuwa shujaa anayehimiza shule aliwafaa kuliko anayehimiza panga. Uhuru ukaja 4 Julai 1946. "Kwa hiyo Wamarekani ndio waliowapa Rizal?" nikauliza. Mkewe ndiye aliyejibu, bila kugeuka, anamfuta mtoto mdomo: "Bibi yangu alikuwa na picha yake ukutani kabla Mmarekani hajafika."

Binti wa mabegani alikuwa ameshika peso moja. Akanipa. Nilikataa, akasisitiza, baba akasema chukua.

Jumanne 31 Desemba na baada ya hapo

Nilisherehekea mwaka mpya angani. Kwa jumla, bila tiketi ya kimataifa, nilitumia peso 27,600 kwa siku kumi na moja, ndege ya Dipolog ikiwemo.

Zamu yangu ya kwanza ilikuwa 2 Januari. Ate alipokea chupa za dagaa, akazinusa kupitia kifuniko, akaziweka kabatini chini ya ile sarafu. Hakuniuliza habari za Talisay wala Luneta.

"Nanay macho yake vipi?"

Nilikuwa nimeahidi nisiseme. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukasema.

"La kulia au la kushoto?"

"La kulia. Limeiva, Ate."

Akavua glavu, akatoa simu, akaanza kutafuta ndege za Februari.